AFYA YAKO: Jinsi Dawa Inavyovifuata Virusi Vilikojificha

Ndugu msomaji, chukua punje chache za kahawa iliyokaangwa. Zitie nzima katika kikombe cha maji ya moto. Subiri kidogo. Maji yatabadilika rangi kidogo tu. Sasa chukua punje nyingine kama hizo. Zitwange katika kinu mpaka ziwe unga laini. Tia unga huo katika kikombe cha pili cha maji ya moto. Mara moja maji yanakuwa meusi. Kahawa ni ile ile. Uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni ukubwa wa vipande tu.

Sisi watu wa Kagondo hatuhitaji kufundishwa habari za kahawa. Nimeanza na kahawa kwa sababu siku hizi wataalamu wanafanya jambo kama hilo katika dawa za kupambana na virusi. Wanaisaga dawa mpaka inakuwa chembe ndogo mno. Chembe hizo huitwa chembe nano. Kwa njia hiyo imepatikana sindano ya kufubaza virusi vya UKIMWI ambayo mtu huchomwa kila baada ya miezi miwili, badala ya kumeza kidonge kila siku.

Habari za sindano hiyo zimefika vijijini. Zimefika nusunusu, kama habari zifikavyo sokoni. Wengine wanasema UKIMWI sasa unapona kwa sindano moja. Wengine wameanza kuuliza kama waache vidonge wasubiri sindano. Jibu la swali hilo la pili ni hapana, tena hapana kubwa. Usiache kidonge hata siku moja kwa ajili ya habari uliyoisikia. Sababu zake tutazieleza polepole. Kwanza lazima tujue kirusi kinaishi wapi.

Wazee wangu wanayakumbuka haya kuliko mimi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wa Kagera, katika hospitali ya Ndolage, hapa hapa wilayani Muleba. Wakati huo watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa kwa magendo kutoka Uganda. Mwaka 1987 watu wazima wa mkoa huu walipimwa damu kwa uchunguzi. Katika Bukoba mjini, watu 24 katika kila 100 walikutwa na virusi. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba walikuwa 10 katika kila 100. Kuna nyumba zilibaki na bibi na wajukuu peke yao. Kuna vibanja viligeuka pori kwa kukosa wa kupalilia. Dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: kutoka 1983 mpaka 2004 ni miaka 21. Kwa hiyo katika mkoa wetu habari ya dawa ya virusi si habari ya kupitisha sikio hili na kuitolea sikio lile.

MWIZI ALIYEMO NDANI YA NYUMBA

Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo sana, kama nyumba ya matofali. Kila chumba huitwa seli. Seli moja huwezi kuiona kwa macho. Tone moja la damu lina mamilioni ya seli. Kila seli ina ukuta wake, na ukuta huo umetengenezwa kwa mafuta.

Vijidudu vingi vya magonjwa, kama vile vinavyotia usaha katika kidonda, hukaa nje ya seli. Ni kama mwizi aliyesimama uani. Ukimmulika unamwona, na ukirusha jiwe unampata. Dawa kama penisilini huvikuta vijidudu hivyo huko uani na kuviangamiza.

Kirusi ni mwizi wa namna nyingine. Peke yake hakiwezi kula, wala kukua, wala kuzaa. Lazima kiingie ndani ya seli. Kikishaingia hufunga mlango, kikawasha moto katika jiko la mwenye nyumba, kikatumia vyungu vya mwenye nyumba, kikajitengenezea wenzake. Kirusi cha UKIMWI kimechagua nyumba mbaya kuliko zote. Kinaingia katika seli nyeupe za damu, yaani askari wenyewe wa mwili.

Tena kinafanya jambo jingine baya zaidi. Kila seli ina kitabu chake cha maagizo, kinachoieleza namna ya kuishi na kufanya kazi. Kirusi cha UKIMWI hunakili habari zake na kuzichomeka ndani ya kitabu hicho. Kuanzia hapo seli hiyo inabeba habari za kirusi maisha yake yote. Nyingine hulala miaka mingi bila kutoa kirusi hata kimoja, halafu siku moja zinaamka. Hii ndiyo sababu ARV hazimalizi virusi. Zinavizuia visizaane. Mtu akiacha dawa, zile seli zilizolala huamka, na virusi hujaa tena katika damu kwa muda wa wiki chache tu.

Sasa msomaji ameona tatizo la daktari. Dawa ya virusi lazima iingie ndani ya seli. Haitoshi kuwa katika damu tu. Na mlangoni pana shida.

Umeona mvua ikinyesha juu ya jani la mgomba? Maji huteleza yakaanguka chini, na jani halilowani. Ukuta wa seli uko karibu na hivyo. Kwa kuwa ni wa mafuta, vitu vinavyopenda maji haviupiti kwa urahisi. Vitu vinavyopenda mafuta huupita. Lakini kitu kinachopenda mafuta hakiyeyuki vizuri katika maji, na damu yetu na maji ya tumboni ni maji. Kwa hiyo dawa ikipenda maji, inasafiri vizuri na kukwama mlangoni. Ikipenda mafuta, ingepita mlangoni, lakini inashindwa kusafiri. Wataalamu wamehangaika na jambo hili miaka mingi.

KOTI LA TENOFOVIRI

Kidonge kinachotolewa kwa watu wengi katika kliniki zetu tangu mwaka 2019 huitwa TLD. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hebu tuitazame hiyo ya kwanza.

Tenofoviri ikiwa yenyewe tu hupenda maji mno. Mtu akiimeza ilivyo, karibu yote hupita tumboni na kutoka chooni bila kuingia katika damu. Ingekuwa kazi ya bure. Basi wataalamu wakaivalisha koti. Koti hilo ni kipande cha kemikali kinachopenda mafuta. Ikiwa na koti, tenofoviri huupita ukuta wa utumbo. Ikiisha kupita, mwili wenyewe huivua koti, na dawa inabaki ikifanya kazi yake. Ikifika ndani ya seli, wafanyakazi wa seli huiongezea vipande viwili vidogo, ndipo inapokuwa silaha kamili. Kirusi kinapojaribu kunakili habari zake hudanganyika, kinaichukua dawa badala ya herufi ya kweli, na kuandika kunakoma hapo hapo.

Koti la aina hii ya TLD huvuliwa mapema, kabla dawa haijaingia katika zile seli za askari. Kwa hiyo kiasi kikubwa kinahitajika: miligramu 300 kila siku. Baadaye likapatikana koti jingine ambalo halivuliwi mpaka dawa ifike ndani ya seli. Kwa koti hilo la pili, miligramu 25 zinatosha. Angalia tofauti ya 300 na 25. Dawa ni ile ile ya tenofoviri. Iliyobadilika ni njia ya kuifikisha.

Nimelieleza koti kwanza ili msomaji asidhani chembe nano ni uchawi au ni jambo lililoanguka kutoka mbinguni. Kuifikisha dawa mahali pake ni kazi ya zamani. Koti ni njia moja. Kusaga ni njia nyingine.

UDOGO WA NANO

Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama ile mistari midogo kabisa. Nafasi kati ya mstari na mstari ni milimita moja. Sasa fikiri umeigawa milimita hiyo katika sehemu milioni moja zilizo sawa. Sehemu moja huitwa nanomita. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000 hivi. Kirusi cha UKIMWI kina upana wa nanomita 100 na kidogo. Chembe za dawa iliyosagwa ninazozieleza hapa zina upana wa nanomita 200 hivi. Yaani chembe ya dawa ni kubwa kuliko kirusi mara mbili tu, au karibu na hapo. Hadubini ya zahanati tunayotumia kutazama vijidudu vya malaria haiwezi kukuonyesha kirusi hicho.

Kusaga kuna faida gani? Fikiri kipande cha dawa chenye pande sita, kila upande milimita moja. Ukubwa wake ni kama chembe ya mchanga mnene. Ngozi yake ya nje, ukiikunjua, ni milimita za mraba 6 tu. Sasa ukigawe katika vipande vya nanomita 200. Ngozi ya vipande vyote pamoja inakuwa milimita za mraba 30,000. Hiyo ni karibu sawa na viganja vyako viwili ukivifungua pamoja na vidole vyake. Na maji huyeyusha dawa kuanzia kwenye ngozi. Ngozi ikiwa kubwa, maji yana mahali pengi pa kuanzia. Ni ile ile habari ya kahawa.

Huko Uingereza, katika mji wa Liverpool, wataalamu walizigeuza kuwa chembe nano dawa mbili za UKIMWI za kumeza, efavirenzi na lopinaviri, wakawapa watu wazima wa afya waliojitolea. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba nusu ya dawa iliyozoeleka ingeweza kufikisha katika damu kiasi kinachotakiwa. Nusu ni jambo kubwa kwa nchi zinazonunua dawa za watu wengi.

Hapa naomba kumwonya mtu mmoja, ambaye najua yupo. Ni yule atakayefunga gazeti hili na kwenda kuchukua kinu, avitwange vidonge vyake ili viwe nano. Ndugu yangu, kinu hakifiki huko. Hata vumbi laini unalolipuliza mkononi ni kubwa mara nyingi kuliko chembe nano. Mashine zinazosaga dawa hizi hutumia vigololi vidogo vigumu vinavyozungushwa ndani ya maji kwa muda mrefu. Tena hutiwa kitu mfano wa sabuni ili chembe zisigandamane na kuwa bonge tena. Kidonge chako kimeze kama ulivyoelekezwa kliniki. Kidonge cha watoto wadogo ndicho kilichotengenezwa kwa kuyeyushwa katika maji safi, na hicho mama ataonyeshwa.

SINDANO YENYEWE

Sindano inayozungumzwa ni mbili, si moja. Moja ni ya dawa iitwayo kabotegraviri, na ya pili ni ya rilpivirini. Mgonjwa huchomwa zote siku hiyo hiyo, moja kila tako. Mwanzoni huchomwa mara mbili, mwezi mmoja katikati. Kisha huchomwa kila baada ya miezi miwili.

Kabotegraviri ni ndugu wa ile dolutegraviri iliyo katika TLD. Inakizuia kirusi kisichomeke habari zake katika kitabu cha seli. Rilpivirini inakizuia kisinakili. Dawa zote mbili karibu haziyeyuki kabisa katika maji. Kwa kidonge hiyo ni kasoro. Kwa sindano hii wataalamu wameigeuza kasoro kuwa faida.

Dawa iliyosagwa huchanganywa na maji, ikawa kama maziwa mepesi. Ikichomwa katika msuli inakaa pale pale, kama akiba ya chakula ghalani. Kwa kuwa inayeyuka kwa shida, inatoka kidogo kidogo na kuingia katika damu, wiki baada ya wiki. Kama chembe zingekuwa kubwa, zisingepita katika tundu la sindano, na zingeyeyuka polepole mno hata zisitoe dawa ya kutosha. Kama dawa ingeyeyuka upesi kama chumvi, ingekwisha kabla ya wiki kupita. Ule udogo wa nano umepimwa ili dawa isiwahi wala isichelewe. Katika panya wa uchunguzi, wataalamu wameona pia seli za askari wa mwili zikikusanyika mahali palipochomwa na kuzizunguka chembe hizo, nyingine zikizimeza. Kwa hiyo hata askari wanashiriki kuitunza akiba.

Tulinganishe uzito. Anayemeza TLD humeza miligramu 650 za dawa kila siku. Kwa mwaka ni karibu robo kilo. Anayechomwa sindano hupata miligramu 600 za kabotegraviri na miligramu 900 za rilpivirini kila miezi miwili. Kwa mwaka ni gramu 9, uzito wa vijiko viwili vidogo vya sukari hivi. Si dawa zile zile, kwa hiyo ulinganisho huu si wa haki kabisa. Lakini unaonyesha jinsi njia ya kufikisha dawa inavyoweza kupunguza mzigo.

Je, inafanya kazi kwa watu wa huku kwetu? Swali hili ni la haki, maana dawa nyingi hujaribiwa Ulaya na Marekani kwanza. Ulifanyika uchunguzi uitwao CARES katika nchi za Uganda, Kenya na Afrika ya Kusini. Watu 512 waliokuwa wakimeza vidonge vizuri, na virusi vyao vimefubazwa, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliendelea na vidonge. Fungu la pili lilihamia sindano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Baada ya wiki 48, katika kila fungu, watu 97 hivi katika kila 100 walikuwa bado wamevifubaza virusi. Sindano haikuwa mbaya kuliko kidonge. Pia haikuwa bora kuliko kidonge kilichomezwa kila siku. Hilo wenye kueneza habari sokoni hawalisemi.

Faida yake kubwa iko mahali pengine. Mfikirie mvuvi anayetoka hapa Muleba kwenda visiwa vya Bumbire au Goziba. Ziwa likichafuka, anakaa kisiwani wiki nzima zaidi ya alivyopanga, na vidonge vimekwisha. Mfikirie mama aliyeolewa ambaye hajapata ujasiri wa kumweleza mumewe. Kopo la dawa analificha ndani ya gunia la maharage, na siku mgeni analala chumbani hamezi. Mfikirie kijana wa sekondari ya bweni ambaye akifungua kopo wenzake wote wanageuka. Watu hawa hawana uzembe. Wameshindwa na kopo. Sindano haina kopo. Kwa maoni yangu, hawa ndio wanaostahili kufikiriwa kwanza siku sindano zikifika, kabla ya sisi tunaokaa karibu na barabara.

Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sindano hizi zinaweza kutumiwa badala ya vidonge kwa watu wazima na vijana ambao virusi vyao vimekwisha kufubazwa na ambao hawana homa ya ini aina ya B. Pendekezo ni hatua nzuri. Lakini pendekezo si dawa kabatini. Ukitaka kujua kama iko mahali unapotibiwa, muulize mhudumu wa kliniki yako.

Hiyo homa ya ini aina ya B iliyotajwa si neno la kupamba. Tenofoviri na lamivudini zilizomo katika TLD huzuia virusi vya aina mbili kwa pamoja: vya UKIMWI na vya homa ya ini B. Mtu mwenye vyote viwili huenda hajijui, kwa sababu kidonge kimekuwa kikimlinda kimya kimya. Akihamia sindano, virusi vya UKIMWI vitaendelea kuzuiwa, lakini vya ini vitaachwa huru, na ini linaweza kuumia vibaya. Lazima apimwe kwanza. Mgonjwa wa kifua kikuu naye hawezi kutumia sindano hizi akiwa anameza rifampisini. Rifampisini huifanya mitambo ya mwili iziondoe dawa nyingine haraka. Hata anayemeza TLD, akiwa na kifua kikuu, huongezewa kidonge cha dolutegraviri cha kumeza baada ya saa 12.

Kuna habari ya friji. Rilpivirini ya sindano hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo za watoto. Sote tunaijua friji ya chanjo. Jua likikosekana siku nyingi, au umeme ukikatika, ndipo mbio zinapoanza.

Na kuna habari ya siku. Mtu aliyepangiwa sindano anaweza kuchomwa siku 7 kabla au siku 7 baada ya tarehe yake. Akichelewa zaidi, hali inakuwa mbaya kwa namna ambayo kidonge hakina. Kidonge ukiacha, dawa yake hutoka mwilini kwa siku chache. Sindano ukiacha, ile akiba ya msulini huendelea kutoa dawa kidogo kidogo kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Dawa hiyo haitoshi kuvizuia virusi, lakini inatosha kuvifundisha. Virusi hujifunza kuishi nayo, vikawa sugu. Na kwa kuwa kabotegraviri ni ndugu wa dolutegraviri, usugu huo unaweza kukuharibia hata kidonge cha kurudia. Hata miongoni mwa waliochomwa kwa tarehe zao, wachache sana walipatwa na usugu. Dawa ikishaingia msulini, hakuna daktari anayeweza kuichomoa.

WANAOUZA NENO

Kila neno jipya la kitaalamu hupata wachuuzi. Mwaka 2011 watu wa mikoa mingi walikwenda Loliondo kunywa kikombe, na wapo waliotupa ARV zao baada ya kurudi. Neno nano nalo limeanza kuandikwa juu ya chupa za maji na unga wa mitishamba. Dawa ya chembe nano ya virusi vya UKIMWI ninayoieleza hapa huchomwa na mhudumu wa afya, tena baada ya kupima damu. Haiuzwi mnadani wala ndani ya basi. Atakayekuletea nyumbani, muulize ni ya virusi gani, imepimwa na nani, na kwa nini haikai katika friji.

Je, chembe nano zinaweza kuingia ndani ya seli zenyewe, badala ya kukaa msulini tu? Ndiyo. Baadhi yetu tumeshachomwa za namna hiyo. Chanjo ya Pfizer ya UVIKO-19 ilikuwa na vitone vya mafuta vidogo vya nano. Ndani ya kila kitone ulifungwa ujumbe. Kwa kuwa ukuta wa seli ni wa mafuta, kitone cha mafuta hupokelewa kama ndugu. Seli humeza kitone, ujumbe unatoka na kusomwa.

Wataalamu wa Melbourne, Australia, wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2025 walitangaza kwamba wametengeneza kitone cha mafuta kinachoweza kuingia katika zile seli nyeupe zilizolala na virusi ndani yake. Mpaka hapo seli hizo zilikuwa zikivikataa vitone kama hivyo. Ujumbe uliobebwa ulikuwa wa kumwambia kirusi: toka, jionyeshe. Na kirusi kikajionyesha. Kama mwizi anatoka chini ya kitanda, mwenye nyumba anaweza kupambana naye. Lakini kazi hiyo imefanyika katika chupa za maabara, kwa seli za damu zilizotolewa na watu wenye virusi. Kukitoa kirusi mafichoni ni jambo moja, na kukimaliza ni jingine.

Turudi kwenye kidonge chako cha leo. Nacho kina shida ndogo ya kuingia mwilini ambayo wewe mwenyewe unaweza kuiondoa. Dolutegraviri hushikamana na madini. Ikikutana tumboni na vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa mama wajawazito, au vya madini ya chokaa, hushikana navyo na nyingi hupita bila kuingia katika damu. Mama mjamzito asiache dawa yoyote kati ya hizo. Ale chakula na kuzimeza zote pamoja na chakula hicho. Au ameze TLD kwanza, asubiri saa 2, ndipo ameze za madini. Akianza na za madini, asubiri saa 6 kabla ya TLD. Dawa za kutuliza kiungulia zenye magnesi au alumini nazo zitenganishwe kwa saa hizo hizo, lakini kwa hizi chakula hakisaidii.

Na anayekwenda visiwani aeleze mapema kliniki. Watu ambao virusi vyao vimefubazwa wapo wanaopewa dawa za miezi mitatu, na wengine sita. Safiri na kadi yako ya kliniki, na dawa uzigawe katika mifuko miwili, mmoja ukae nchi kavu mwilini mwako na mwingine ndani ya mtumbwi. Mtumbwi ukipinduka, ule mmoja utakuvusha mpaka ufike kliniki ya karibu.